Mbona nesi alimwaga dawa iliyobaki?

Swali: Daktari, mimi ni Mama Zawadi, naandika kutoka Handeni. Binti yangu ana miaka miwili na nusu, kilo 11. Wiki mbili zilizopita alishikwa na degedege usiku, tukamkimbiza hospitali wakasema ni malaria kali. Alichomwa sindano ya mshipa usiku uleule, ya pili asubuhi, ya tatu usiku uliofuata, halafu akaanzishiwa vidonge vya mseto siku tatu. Amepona, namshukuru Mungu. Ila nilimwona nesi anachanganya dawa, anamchoma kiasi, inayobaki anaimwaga. Mbona tunaambiwa dawa hazitoshi? Nesi huyohuyo akaniambia mtoto mdogo anapewa dozi kubwa kuliko mtu mzima ukipiga kwa kilo. Inawezekanaje? Na mama mkwe wangu anasema enzi zao kwinini ilikuwa ya siku saba, hizi sindano tatu ni za kubania, tena mtoto mwenye degedege hachomwi sindano kabisa. Nani alipanga dozi hii, na alijuaje kwamba inatosha?

Jibu: Mama Zawadi, pole kwa kuuguza. Mfikishie mama mkwe salamu zangu, maana sehemu kubwa ya jibu hili ni lake.

Nianze na ile dawa iliyomwagwa. Dawa yenyewe inaitwa atesuneti. Inakuja kama unga mweupe ndani ya kichupa, na kichupa kilichozoeleka kina miligramu 60. Unga huu haukubali maji ya kawaida, na ukishayeyushwa haukai, unaanza kuharibika. Ndiyo maana hautengenezwi kiwandani ukiwa maji tayari, kama zilivyo dawa nyingi za sindano. Kila kichupa huja na kichupa kingine kidogo cha bikabonati ya sodiamu, mililita 1. Nesi anaichota ile bikabonati, anaiingiza kwenye unga, anatikisa. Kwanza kinakuwa na ukungu kama maji yaliyooshea mchele, kisha ukungu unaondoka na kinabaki safi kama maji. Kisiposafika, kinatupwa. Hapo ndipo anaongeza mililita 5 za maji ya chumvi au ya sukari ya dripu, zinakuwa mililita 6, kila mililita ikiwa na miligramu 10 za dawa. Kuanzia hapo ana saa moja tu. Saa ikipita, iliyobaki ni ya kumwaga, na kuiweka kwenye friji hakuiokoi.

Sasa piga hesabu ya Zawadi: kilo 11 mara miligramu 3 ni miligramu 33, yaani mililita 3.3. Jedwali la wodini linapandisha hadi 4 ili nesi asihangaike na vipande vya mililita saa nane za usiku. Mililita 2 zilizobaki ndizo ulizoona zinamwagwa. Kama kitanda cha jirani kungekuwa na mtoto mwingine anayesubiri dozi saa ileile, zingeweza kumfaa. Kama hakuna, ziende. Inauma, lakini kumchoma mwanao asubuhi dawa iliyochanganywa usiku kungekuwa kumchoma kitu ambacho hakuna ajuaye nguvu yake imebaki kiasi gani, na hiyo ni hasara kubwa kuliko mililita 2.

Kuhusu nani alipanga dozi, tumwangalie kwanza adui. Kimelea cha malaria kali, falsiparumu, kinaishi kwa ratiba. Kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu kinakaa humo karibu saa 48, kinakula, kinakua, kinazaana, kisha chembe inapasuka na watoto wake wanavamia chembe nyingine. Katika saa za mwanzo kinakuwa na umbo la kipete kidogo na kinazunguka na damu popote. Kuanzia saa ya 16 hadi ya 20 hivi, chembe iliyokibeba inaota vinundu juu yake na kunata kwenye kuta za mishipa midogo: ya ubongo, ya utumbo, ya mapafu. Hapo damu inapita kwa shida, na mtoto anaanza kupoteza fahamu. Ndiyo sababu wakati mwingine unakuta mtoto yuko taabani na kipimo cha darubini kinaonyesha vimelea vichache. Vingine havipo kwenye tone lile la damu ya kidole, vimejificha huko ndani.

Kwinini inavipiga zaidi vimelea vilivyokwisha kukomaa, ambavyo vingi tayari vimenata. Atesuneti inavipiga hata vile vipete vichanga, kabla havijapata nafasi ya kwenda kunata. Ndani ya dawa hii kuna kiungo cha oksijeni mbili zilizoshikana. Kimelea kinapomeng'enya damu kinabaki na madini ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachokivunja kile kiungo na kuachia sumu inayokiunguza kimelea kutoka ndani. Huwa nawaambia wanafunzi kwamba kimelea kinajiwashia moto kwa kuni zake chenyewe.

Lakini nadharia nzuri haitoshi kubadilisha dawa ya bara zima. Dawa ngapi zimependeza kwenye karatasi zikashindwa wodini! Kwa hiyo ulifanyika utafiti ulioitwa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010. Watoto 5,425 wenye malaria kali, katika vituo 11 vya nchi tisa za Afrika, waligawanywa kwa kura: nusu kwinini, nusu atesuneti. Vituo viwili kati ya hivyo viko mkoani kwenu Tanga, Muheza na Korogwe. Kilifi ilikuwamo, na Mbarara, na Kinshasa. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Tofauti inaonekana ndogo ukiisoma hivi. Isome hivi basi: katika kila watoto 41 au 42 waliobadilishiwa dawa, mmoja ambaye angekufa alirudi nyumbani. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipitisha atesuneti kuwa dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Kwa hiyo mama mkwe akiuliza nani alipanga, mwambie mpango huu ulitolewa kwenye damu ya watoto wa Muheza na Korogwe, huenda na wa watu anaowajua.

Hata hivyo nisimvunjie heshima. Kwinini imeokoa watu wengi, mimi mwenyewe nimo. Taabu yake ni kwamba inataka ulinzi wa saa zote. Dozi ya kwanza ni kubwa, inapitishwa kwenye dripu taratibu kwa saa nne, kisha nusu yake kila baada ya saa nane. Ikienda haraka inashusha presha na kuuchanganya moyo. Inashusha pia sukari ya damu, ambayo kwa mtoto mwenye malaria kali tayari iko ukingoni. Nikiwa daktari mchanga tulikuwa tunahesabu matone kwa saa ya mkononi. Usiku mmoja nilikuta dripu ya saa nne imekwisha kwa muda usiofika saa moja: ndugu wa mgonjwa aliona inakwenda kivivu, akakifungua kigurudumu kinachobana mrija ili mtoto apate dawa upesi. Alifanya kwa mapenzi. Mtoto alikuwa amelegea, jasho linamtiririka, sukari imeshuka hadi 1.8. Tulimpa sukari ya mshipani, akafumbua macho. Atesuneti inaingia kwa dakika moja au mbili, nesi amesimama pale pale na bomba mkononi. Hakuna kigurudumu cha kufungua.

Na hili la mtoto wa degedege kutochomwa sindano, nimelisikia tangu nikiwa mdogo, na sidhani lilitoka hewani. Watoto walikuwa wanaanza kwa mganga, degedege ikikataa wanaletwa hospitali wamechelewa, wanachomwa sindano, wanafariki saa ileile. Aliyeona kwa macho yake ataunganisha sindano na kifo, na wewe ungeunganisha. Ongeza kwamba kwinini iliyochomwa vibaya kwenye tako ilikuwa inaleta jipu, au inagusa mshipa wa fahamu na mtoto anabaki anachechemea. Bibi aliyeyaona hayo si mjinga. Ila dawa imebadilika, na degedege ya homa siku hizi tunaihesabu kuwa dalili ya kukimbilia sindano. Ikizidi mara mbili ndani ya saa 24 tunaiita malaria kali hata kama mtoto ameamka na anaomba maji.

Sasa dozi ya mtoto. Mtu mzima anapewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Mtoto aliye chini ya kilo 20 anapewa 3. Zamani wote walipewa 2.4, watu wakidhani mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa kwa mizani. Siyo. Mwili wa mtoto mdogo unaisafisha dawa hii haraka zaidi ukilinganisha na uzito wake. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya damu ya watoto 70 waliochomwa atesuneti, wakaona wadogo zaidi walikuwa wanabaki na dawa pungufu mwilini kwa dozi ileile ya kila kilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ukaongeza. Nikwambie ukweli kwamba si wote waliokubali: Marekani ilipoisajili dawa hii mwaka 2020 ilibaki na 2.4 kwa kila mtu. Mimi niko upande wa 3. Kosa la kumpa mtoto kidogo zaidi kwenye malaria kali halirekebishiki, na dawa hii ina nafasi kubwa ya usalama.

Halafu ratiba. Saa sifuri, saa ya 12, saa ya 24, yaani kama Zawadi alichomwa saa nne usiku, ya pili ni saa nne asubuhi, ya tatu saa nne usiku tena. Atesuneti inapiga kwa nguvu na kuondoka upesi. Saa chache tu na damu haina kitu. Sindano ya saa ya 12 inavikuta vimelea vilivyosalia kabla havijanata. Tatu ndicho kiwango cha chini, hata mtoto akiamka baada ya ya kwanza na kuomba uji. Na hapa ndipo wazazi wengi wanaponipigia kelele: mtoto anacheza, kwa nini achomwe tena? Kuamka ni dalili ya ubongo kupata nafuu. Vimelea vina hesabu yao tofauti. Kama baada ya hizo tatu bado hawezi kumeza, anaendelea na sindano moja kila siku hadi aweze.

Mtu akisema sindano tatu ni za kubania, jibu liko kwenye ule mseto. Sindano zinapunguza jeshi, hazilimalizi. Vidonge vya mseto vina ndugu wa atesuneti pamoja na dawa ya pili, kwa kawaida lumefantrini, inayokaa mwilini siku nyingi na kuwafagia wachache waliobaki. Ukihesabu zote, siku za sindano na siku za vidonge, matibabu ya Zawadi hayakupungukiwa sana na siku saba za mama mkwe. Mtoto anayeruhusiwa baada ya sindano bila kumaliza mseto mara nyingi anarudi wodini baada ya wiki mbili tatu. Mpe na kitu chenye mafuta, maziwa au uji wenye karanga, maana lumefantrini bila mafuta inapita tu.

Kwa upande wa kurahisisha, watu wamejaribu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye watoto zaidi ya elfu moja, ulilinganisha ratiba ya kawaida na sindano tatu kubwa zaidi, miligramu 4 kwa kilo, moja kwa siku. Ilipochomwa kwenye msuli ilifanya vizuri kiasi cha kukubalika. Kwenye mshipa ushahidi haukutosha. Mwongozo haukubadilika. Nadhani ni sawa, ila kwa zahanati yenye nesi mmoja wa zamu ya usiku naelewa kwa nini watu walitaka iwezekane.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza. Ile asilimia 8.5 ni ya watoto waliopata dawa bora kuliko zote na bado wakafa. Wengi wanafika wakiwa wameshachelewa, na sindano haina sukari ndani yake, wala damu, wala pumzi. Katika saa ya kwanza, nikimpokea mtoto wa malaria kali, kidole kinatobolewa kwa mambo matatu: vimelea, sukari na wingi wa damu. Sukari ikiwa chini anapewa ya mshipani kabla sijamaliza kuandika jina lake. Wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 4 kwa desilita anaongezewa; kati ya 4 na 6 tunamtazama anavyopumua na fahamu zake. Kwa sababu bakteria wakali hupenda kuingia pamoja na malaria kwa watoto wetu, anapewa na antibayotiki mpaka tuhakikishe hawapo.

Na kuna mambo ambayo akili inakwambia yafanye, kumbe yanaua. Mwaka 2000 Kilifi walichapisha matokeo ya watoto 340 waliopoteza fahamu kwa malaria. Nusu walipewa sindano kubwa ya fenobabitoni kuzuia degedege zisitokee. Degedege zilipungua kweli. Vifo vikaongezeka, asilimia 18 dhidi ya 8, kwa sababu dawa ile inalaza hata pumzi, na wodi hazikuwa na mashine za kupumulia. Mwaka 2011 ukaja utafiti wa FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika na homa na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika, zaidi ya nusu yao wakiwa na malaria. Vitabu vyote vilisema wamwagiwe maji mengi ya dripu haraka. Waliomwagiwa walikufa asilimia 10.5 hivi ndani ya siku mbili, ambao hawakumwagiwa 7.3. Ninakumbuka mshtuko wetu tulipoisoma. Kwa hiyo ukiona nesi anaipunguza dripu ya mtoto wako, usidhani anakubania maji.

Ninyi mnaokaa mbali na hospitali mnahitaji kujua na hili. Kuna atesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa, kwa watoto wa chini ya miaka sita wasioweza kumeza, inayotolewa na mhudumu wa afya kijijini au zahanati. Utafiti uliofanyika Ghana, Tanzania na Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa watoto wadogo waliochukua zaidi ya saa sita kufika kituoni, ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa karibu nusu. Ilipopelekwa Kongo, Uganda na Nigeria kwa wingi, miaka ya 2018 hadi 2020, faida ile haikuonekana. Mfumo wenyewe ulikuwa na matobo: mtoto akipata nafuu kidogo familia inarudi nyumbani, au wanafika hospitali wanakosa sindano, au hawapewi mseto. Dawa hiyo ni nauli ya kukufikisha hospitali. Ukishuka njiani umepoteza nauli.

Kuhusu usugu, vimelea vinavyochelewa kuondoka kwa dawa za jamii hii vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na kwetu Kagera. Jinja, Uganda, mwaka 2024 iliripotiwa kwamba kati ya watoto 100 wenye malaria iliyopata matatizo, 11 vimelea vyao vilichelewa. Kuchelewa si kushindwa, na atesuneti bado ndiyo ya kwanza. Ila dozi pungufu na mseto ulioachwa kati ndivyo vinavyovifundisha vimelea hivi.

Umesema ni wiki mbili tangu Zawadi alazwe. Baada ya atesuneti ya mshipa, baadhi ya wagonjwa hupata upungufu wa damu wa baadaye, kati ya wiki ya kwanza na ya nne, chembe zilizosafishwa vimelea zinapovunjika kwa pamoja. Mtazame viganja na ndani ya kope: zikipauka, macho yakiwa ya njano, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda siku hiyohiyo. Hata kama haoni shida, mpeleke wiki hii apimwe wingi wa damu. Wakimpima malaria kwa kile kipimo cha haraka, huenda kikasoma ndiyo, kwa kuwa mabaki ya vimelea vilivyokufa hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa, omba darubini. Na ubebe ile karatasi ya kuruhusiwa yenye tarehe ya sindano ya kwanza, maana daktari asipoiona atadhani ameanza kuugua jana.